Njia ya Dawa Mwilini: Mhadhara Kuhusu Dripu na Sindano za Saratani



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie dawa za saratani. Somo hilo ni pana mno kwa jioni moja, kwa hiyo nimejikatia kipande chake tu, yaani namna dawa hizo zinavyoingizwa mwilini kwa dripu na kwa sindano. Najua wengi huliona hili kuwa shauri la muuguzi na kanula yake. Mimi nasema linamhusu mgonjwa kuliko mtu mwingine yeyote, maana mkono ni wake na mgongo ni wake, na yeye ndiye wa kwanza kujua kama kuna kitu kinakwenda vibaya.

Mtu wa kwetu akitoka hospitali na vidonge peke yake, njiani hunung'unika: "Hata sindano hawakunichoma." Akitundikiwa dripu, hata kama ni ya maji ya chumvi tu, nyumbani husema leo ametibiwa. Imani hii haikuzuka hewani. Katika miaka ya 1920 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliendesha kampeni za kutibu buba kwa sindano, na watu waliona kwa macho yao vidonda vya miaka vikikauka baada ya kuchomwa mara chache. Baadaye ikaja penisilini, nayo ikafanya vivyo hivyo. Babu na bibi zetu walikuwa na kila sababu ya kuiheshimu sindano.

Kwenye saratani, hata hivyo, heshima hiyo inatuponza. Mama aliyemaliza upasuaji, dripu na mionzi ya saratani ya titi, ikiwa uvimbe wake ni wa aina inayolishwa na homoni, hupewa tamoksifeni, kidonge cha kila siku kwa miaka 5 na wakati mwingine 10. Akifika nyumbani anakitazama kidonge chenyewe, kidogo, cheupe, hakina uchungu wala hakimlazi kitandani, anaona hicho ni cha kumalizia tu. Baada ya miezi anakiacha. Hajui kwamba kidonge hicho kinaweza kuwa ndicho kinachozuia ugonjwa usirudi. Na tangu mwaka 2001 kuna imatinibu, kidonge cha saratani sugu ya damu ya aina ya mieloidi. Ugonjwa huo zamani uliwamaliza watu katika miaka michache. Leo wanaoimeza imatinibu kila siku bila kuruka wanalima, wanafundisha, wanalea wajukuu. Hawachomwi sindano ya tiba hata moja.

Ubaya wa pili wa imani hiyo ni mkubwa zaidi, na ndio ulionifanya nichague somo hili. Anayeamini kwamba sindano ndiyo dawa yenye nguvu huamini pia kwamba dawa yenye nguvu lazima iume. Basi ikimuunguza anakaa kimya. Mama mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka hospitali nyingine alinionyesha mkono wake wa kulia, kovu limeivuta ngozi kuanzia kifundo hadi katikati ya kigasha, vidole viwili havinyooki. Nilimuuliza kama siku ile dawa iliuma. Akanijibu, "Iliuma tangu mwanzo, mwanangu. Nikasema labda ndiyo inafanya kazi."

Kwa nini basi dripu? Dawa nyingine tumbo halizipitishi. Trastuzumabu, inayotumika kwa aina fulani ya saratani ya titi, ni protini, na mtu akiimeza tumbo litaimeng'enya kama yai la kuchemsha. Doksorubisini ikimezwa haifiki kwenye damu kwa kiasi cha maana. Zipo pia zinazofika, lakini kwa mtu huyu nyingi na kwa yule kidogo, na dawa za aina hii nafasi kati ya kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru ni finyu. Daktari anataka kujua ni miligramu ngapi zimeingia kwenye damu na saa ngapi. Dripu inampa jibu hilo. Haimpi nguvu ya ziada. Inampa uhakika wa kipimo.

Njia hii ilianza pamoja na tiba yenyewe. Mwezi Agosti 1942, katika Chuo Kikuu cha Yale kule Marekani, madaktari walimpa mgonjwa mmoja mwenye saratani ya matezi dawa iliyotokana na utafiti wa gesi ya sumu ya vita, nitrojeni mastadi, wakiipitisha kwenye mshipa. Uvimbe uliokuwa umemzuia hata kumeza ukanywea. Ulirudi baadaye, na mgonjwa alifariki mwaka huohuo, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Kwa sababu ya siri ya vita habari hizo hazikuchapishwa hadi 1946. Sasa, dawa ile ilikuwa jamaa wa gesi inayobabua ngozi, na waliokuwa wakiitumia walitambua mapema kwamba ikigusa nyama nje ya mshipa inaiunguza. Wakabuni jambo rahisi: wanaanzisha kwanza dripu ya maji ya chumvi, wanaiacha itiririke kwa kasi, kisha wanaichoma dawa kwenye mrija wa dripu hiyo ili ichanganyike na maji na damu kabla haijapata nafasi ya kuuchoma mshipa. Tunafanya hivyo mpaka leo.

Twendeni kwenye kiti cha mgonjwa anayekuja kupewa doksorubisini, ile nyekundu itakayoutia mkojo wake rangi kwa siku moja au mbili. Muuguzi anayeijua kazi yake anaanza na mkono. Anauliza kama matezi ya kwapa yalitolewa na ni upande gani, na mkono wa upande huo anauacha, kwa kuwa maji ya mwili hayapiti tena humo vizuri na mkono unaweza kuvimba. Anakitazama kigasha, sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo, akitafuta mshipa ulionyooka, laini, unaorudi ukibonyezwa. Mgongo wa kiganja una mishipa inayoonekana upesi, na hapo ndipo mwenye haraka hukimbilia, ila chini ya ngozi yake kuna kano na neva bila nyama ya kuzikinga. Kwenye kunjo la kiwiko napo pana mshipa mnene wa kuvutia. Dawa ikivuja pale inajificha kwa muda kabla uvimbe haujaonekana, na kovu lake linaweza kuufunga mkono usikunjuke.

Anatumia kanula ya plastiki, nyembamba, namba 22 au 24, aliyoiweka siku hiyohiyo. Ile sindano ya chuma yenye mabawa haifai kwa dawa hii, maana mgonjwa akijigeuza kidogo ncha inatoboa mshipa. Akikosa mara ya kwanza, anahamia mkono wa pili, au anachoma juu ya tundu la kwanza, upande wa kuelekea moyoni. Akichoma chini yake, dawa itapanda na damu hadi kwenye lile tundu la juu na kutokea hapo. Kisha anapitisha maji ya chumvi, anavuta bomba kidogo aone damu ikirudi, na ndipo anaanza kuisukuma ile nyekundu, taratibu, kupitia mrija wa dripu inayotiririka. Kila baada ya mililita chache anasimama, anavuta tena, anatazama damu, anamwuliza mgonjwa anajisikiaje. Plasta aliyobandika ni ile inayoonyesha ngozi. Ukiona kanula ya dawa hii imezungushiwa bandeji nene isiyoonyesha kitu, una haki ya kuuliza.

Kazi hii yote ni ya dakika chache, na katika wodi yenye foleni ndefu ndizo dakika zinazoibwa kwanza. Siwalaumu wauguzi wenzangu ambao mmoja wao anaangalia viti vingi kwa zamu moja. Nawalaumu wanaopanga zamu kana kwamba kusukuma doksorubisini na kutundika maji ya chumvi ni kazi moja.

Dawa ikivuja inakuwaje? Mgonjwa anasikia kuungua, au kuchomachoma, au mkazo. Ngozi inavimba au inakuwa nyekundu, dripu inapungua kasi, damu hairudi ukivuta. Wakati mwingine hasikii kitu siku hiyo, kidonda kinajitokeza baada ya siku kadhaa au wiki. Doksorubisini ina tabia mbaya ya peke yake: inajishikiza kwenye vinasaba vya seli, seli inakufa, dawa inatoka mle ikiwa hai na kuingia kwenye seli ya jirani. Ndiyo maana kidonda chake kinaendelea kuchimba muda mrefu, na wengine huishia kwa daktari wa upasuaji wa kubandika ngozi.

Muuguzi akishtuka mapema, husimamisha dawa palepale. Haichomoi kanula, kwanza anaunganisha bomba tupu na kuvuta kilichobaki, ndipo anaitoa. Mkono unainuliwa. Kinachofuata kinategemea dawa. Kwa doksorubisini ni baridi, barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 hadi 20 kwa mara, mara kadhaa kwa siku, ili mishipa ijifunge na dawa isisambae. Kwa vinkristini, dawa nyingine ya saratani, ni kinyume chake, joto kavu, ili dawa isambae na kupungua ukali. Barafu juu ya vinkristini huongeza madhara. Ipo dawa ya kuzuia madhara ya doksorubisini iliyovuja, deksrazoksani, ambayo inapaswa kuanza kupitishwa kwenye mshipa wa mkono mwingine ndani ya saa 6, lakini bei yake ni kubwa. Kinga iliyo karibu zaidi ni mgonjwa anayesema "inaniunguza" dawa ikiwa bado kwenye bomba.

Kwa mgonjwa mwenye mishipa iliyochoka, au mwenye tiba ya miezi mingi, kuna njia ya kuufikia mshipa mkuu ulio juu ya moyo. Pale damu hupita lita 2 hivi kwa dakika, wakati kwenye mshipa wa kigasha ni mililita makumi kadhaa tu. Dawa ikidondokea humo inachanganyika mara moja. Kuna mrija mrefu unaoingizwa kwenye mkono juu ya kiwiko na kusukumwa hadi huko. Kuna mrija wa kifuani, ule uliopewa jina la daktari Robert Hickman wa Seattle, aliyeueleza mwaka 1979. Na kuna porti, kikopo kidogo kinachopandikizwa chini ya ngozi, chini ya mtulinga, chenye kifuniko cha silikoni kinachochomwa kwa sindano maalumu isiyomega silikoni hiyo. Mwenye porti anaoga, anafua, anabeba mtoto. Mirija ya nje inahitaji kubadilishwa plasta kila wiki kwa usafi mkali, na kwa mtu anayeishi mbali na kituo cha afya, mahali pa maji ya ndoo, nisingeipendekeza bila kuuliza kwanza nani atakayeihudumia. Bakteria wakiingia humo, wameingia moja kwa moja kwenye damu.

Sasa kasi. Wagonjwa wetu wengi wametoka mbali kuja hospitali za Ocean Road, Bugando, KCMC, Kenyatta, Eldoret au Mulago, na ikifika saa nane mchana wanalifikiria basi. "Sista, niongezee kasi kidogo." Nawaomba msiombe hivyo. Chukueni mfano wa paklitakseli: haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo imeyeyushwa ndani ya kimiminika kinachotengenezwa kwa mafuta ya nyonyo, yale ya mbarika, pamoja na alkoholi. Kimiminika hicho kinaweza kuushtua mwili: uso kuwa mwekundu, kifua kubana, presha kushuka, na mara nyingi hutokea katika dakika 10 za mwanzo za dripu ya kwanza au ya pili. Ndiyo sababu mgonjwa hupewa kwanza deksamethasoni na dawa za mzio, ndiyo sababu muuguzi husimama karibu mwanzoni, na ndiyo sababu dripu inayotolewa kila wiki tatu huchukua saa 3. Kimiminika hichohicho hukwangua kemikali kutoka kwenye plastiki laini za kawaida, hivyo chupa yake ni ya kioo au ya plastiki ya aina nyingine, na mrija wake una chujio. Mkiona mrija wa jirani ni tofauti na wenu, hakuna upendeleo uliofanyika.

Sisplatini inataka maji mengi kabla na baada yake, la sivyo figo zinaumia, na haitakiwi kugusana na alumini, kwa sababu hugeuka tope jeusi na dawa imekwisha kazi. Oksaliplatini, ndugu yake, huchanganywa kwenye maji ya glukosi na kamwe haichanganywi kwenye maji ya chumvi. Aliyepewa hiyo akinywa soda ya baridi siku hiyohiyo anaweza kuhisi koo limekabwa na vidole vimepigwa shoti. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam au Mombasa hiyo ni adhabu, lakini hupita. Na ile fluorourasili ya saratani ya utumbo, katika mpango mmoja maarufu wa tiba, hutiririka kwa saa 46 mfululizo. Kuna pampu ya mpira isiyotaka umeme wala betri, puto lililomo ndani ya chupa ambalo linajikaza polepole na kuisukuma dawa, mgonjwa akaondoka nayo kiunoni akalala kwake. Mahali ambapo pampu hizo hazipatikani analazwa siku 2 kwa ajili ya dawa ambayo ingemfuata nyumbani.

Nije Uganda, maana somo hili lina sura yake nzito hapo. Mwaka 1957, Mulago, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aitwaye Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote. Aliandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1958, na mwishoni mwa 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu maelfu ya maili kusini hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wanauona uvimbe ule. Kumbe uvimbe wenyewe ulikuwa mwepesi kuyeyuka mbele ya dawa. Mwaka 1967, kwa ushirikiano na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, kikafunguliwa Kampala kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, John Ziegler akiwa mkurugenzi wake wa kwanza. Mwaka 1972 Mganda, Charles Olweny, akaishika, na akaiendesha katika miaka migumu ya Idi Amin.

Watoto pale Mulago walipewa siklofosfamidi kwenye mshipa, na taya lilinywea ndani ya siku chache. Mama aliyemleta mtoto asiyeweza kufumba mdomo alimwona anakula. Lakini kwa baadhi yao ugonjwa ulijitokeza upya mahali ambapo damu haifikishi dawa ipasavyo: kwenye ubongo na maji ya uti wa mgongo. Mwili umeuzungushia ubongo ukuta unaochuja kinachotoka kwenye damu, na dawa nyingi za saratani huachwa nje. Dripu ingemwagwa hata chupa kumi, isingesaidia. Ilibidi methotreksati ichomwe mgongoni, katikati ya mifupa ya kiuno, ndani ya maji yenyewe. Hadi leo mtoto mwenye saratani ya aina hiyo, au mwenye saratani kali ya damu, hutibiwa kwa njia zote mbili, mkononi na mgongoni.

Na hapo ndipo kosa baya kuliko yote katika kazi yetu lilipojificha. Miongoni mwa dawa za watoto hao ni vinkristini, itokanayo na vinka, lile ua la waridi au jeupe lenye asili ya Madagaska ambalo mnalipanda mbele ya nyumba zenu na linaota hata kwenye nyufa za saruji. Ikiingia kwenye mshipa, ni dawa nzuri mno. Imeokoa watoto tangu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1963. Ikiingia mgongoni, inaua. Mgonjwa anapooza kuanzia miguuni kwenda juu kwa muda wa siku au wiki, na karibu wote hufariki. Kisa cha kwanza kiliripotiwa mwaka 1968. Mwaka 2001 kijana wa miaka 18 alikufa hivyo Nottingham, Uingereza, katika hospitali kubwa yenye kila kitu. Visa vingine vimetokea nchi nyingi.

Kosa hili hutokeaje? Dawa ya mgongoni, kama methotreksati, na vinkristini ya mshipani hupangwa siku moja, huletwa chumba kimoja, zote zikiwa ndani ya mabomba ya sindano yanayofanana, na ncha ya bomba moja inaingia sawasawa kwenye sindano ya mkono na kwenye sindano ya mgongo. Daktari amechoka, au ni mgeni, au mwenzake amempa mkononi. Kwa miaka mingi jibu lilikuwa semina na vibandiko vyekundu vya onyo. Watu waliendelea kufa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kwamba vinkristini isiwekwe tena kwenye bomba la sindano, iwekwe kwenye kimfuko kidogo cha dripu. Hakuna mtu atakayejaribu kuuchoma mfuko wa mililita 50 mgongoni mwa mtoto. Kisha zikatengenezwa sindano za mgongoni zenye mdomo wa aina yake, ambao bomba la kawaida haliingii.

Nimesikia hoja ya wanaosita: vinkristini nayo huunguza ikivuja, na ikiwa kwenye mfuko muuguzi ataondoka aiache. Hoja ina ukweli wake. Jibu lake ni muuguzi kubaki pale kwa dakika 5 hadi 10 zinazotosha mfuko huo kuisha. Kidonda cha mkono kinatibika, lakini madhara ya vinkristini iliyoingia mgongoni hayana tiba. Hospitali yoyote ya kwetu ambayo bado inaipeleka vinkristini wodini ndani ya bomba inaweza kubadili utaratibu huo wiki hii. Mfuko wa mililita 50 si mashine ya mionzi ya kusubiri bajeti.

Njia inayokua kwa kasi sasa ni ya chini ya ngozi. Bortezomibu, dawa ya saratani ya seli za plazima zilizo kwenye uboho, ilizoeleka kuchomwa kwenye mshipa, na iliwaachia wagonjwa ganzi na maumivu ya miguu. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 222 waliogawanywa, wengine mshipani, wengine chini ya ngozi. Ugonjwa ulidhibitiwa sawasawa, lakini matatizo ya neva yalipungua kutoka asilimia 53 hadi 38, na yale makali kutoka asilimia 16 hadi 6. Dawa ileile, kipimo kilekile, njia tofauti tu. Waliozoea kudhani kwamba mshipani ndiko kwenye nguvu wautafakari utafiti huo. Angalizo kwa wafamasia: chupa ileile huchanganywa na maji pungufu kwa ajili ya ngozi, kwa hiyo kibandiko lazima kiseme ni ya wapi.

Trastuzumabu nayo iliidhinishwa Ulaya kwa sindano ya chini ya ngozi mwaka 2013. Miligramu 600 kwa kila mtu, mwembamba au mnene, ndani ya mililita 5, paja la kushoto leo na la kulia wiki tatu zijazo, dakika 2 hadi 5 badala ya nusu saa au saa na nusu ya dripu. Ngozi kwa kawaida haipokei maji mengi hivyo, kwa hiyo dawa imechanganywa na kimeng'enya kinachofungua kwa muda tando za chini ya ngozi, kisha zinajijenga tena. Kwa mwanamke anayeacha genge lake kila wiki tatu, saa hizo ni fedha. Lakini nisiwafiche: hati miliki ya trastuzumabu ya dripu ilikwisha Ulaya mwaka 2014, na mimi siamini kwamba kampuni ilikuwa inafikiria genge la mama huyo peke yake. Baada ya hapo zimekuja trastuzumabu za watengenezaji wengine, za dripu, za bei nafuu. Kwa wizara yenye fedha kidogo, dripu ya saa moja inayowafikia wanawake wengi ni bora kuliko sindano ya dakika tano inayomfikia mmoja. Nitabadili kauli bei ikibadilika.

Zipo na sindano za nyama. Fulvestranti, ya saratani ya titi, ni mililita 5 kila tako, polepole, dakika moja hadi mbili kila upande, kwa kuwa nayo ni ya mafuta ya nyonyo na ni nzito. Goserelini yenyewe si ya nyama, ni kipande kidogo kama punje kinachopachikwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku 28. Mwanamume mwenye saratani ya tezi dume akiipata hiyo asiichelewe. Tarehe yake ni sehemu ya dawa.

Msije mkatoka hapa mkisema nimeidharau dripu. Kaposi sakoma, saratani iliyowasumbua sana wenye virusi vya Ukimwi katika ukanda wetu, ilifanyiwa utafiti Kenya, Uganda, Malawi, Zimbabwe, Afrika Kusini na Brazil, ukachapishwa mwaka 2020. Wagonjwa wote walimeza dawa za virusi. Baadhi wakaongezewa paklitakseli ya dripu, baadhi bleomisini na vinkristini, baadhi etoposidi ya kumeza. Paklitakseli ilizishinda zote mbili. Iliyoshinda ni paklitakseli yenyewe, na paklitakseli haina kidonge cha kutegemewa. Mganga akikwambia lazima utundikiwe, ana sababu. Mwombe akueleze sababu hiyo.

Mkifika nyumbani, tunzeni daftari la tiba. Doksorubisini ina ukomo wa kiasi ambacho moyo unaweza kukibeba katika maisha yote, na ukihamia hospitali nyingine bila daftari hakuna atakayejua umebakiwa na kiasi gani. Kwa siku 2 baada ya dripu, anayesafisha matapishi au mkojo wa mgonjwa avae glavu na anawe kwa sabuni. Joto la mwili likifika 38, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14, chembe nyeupe zinapokuwa zimeshuka, nendeni hospitali usiku huohuo, msimeze panado mkasubiri kukuche.

Na mara nyingine ukikaa kwenye kile kiti, dawa ikakuunguza mkononi, sema. Sema hata kama muuguzi ana mgonjwa mwingine, hata kama daktari yuko kwenye raundi, hata kama jirani yako anakukonyeza unyamaze. Dawa hizi zikiwa ndani ya mshipa kwa kawaida hazipaswi kuunguza mkono. Ikiunguza, inasimamishwa kwanza, maswali baadaye.